Kitabu Nilichosema Kimepotea

Mshauri wetu, naomba unisaidie, na ninakuandikia kwa sababu kalamu hainidai pumzi.

Mimi ni fundi wa magodoro ya pamba, nina miaka sitini na tisa, na kazi hii nimeifanya tangu tulipokimbia kwetu, miaka thelathini na minane sasa, katika chumba chenye dirisha moja ambalo nililifunga siku zote ili upepo usinipeperushie pamba, na vumbi lote lile, daktari anasema, limeniharibu mapafu, na hayatarudi yalivyokuwa, kilichobaki ni kuyatunza. Dada yangu mkubwa, aliyenifundisha kusoma, alibaki kule na sasa haoni, na kila Jumapili asubuhi nilikuwa nampigia simu nikamsomea sura moja ya kitabu, naye akinikatiza, "We kitindamimba, rudia hapo, umepita mbio kama mwizi!" na tukicheka, na huo ndio mlango pekee wa kwetu uliobaki wazi kwangu.

Mwaka huu sura zikawa ndefu kuliko pumzi yangu. Nikabuni ujanja: kabla ya kupiga simu navuta ile dawa ya kupuliza ya haraka, mara nne, mara sita, mara kumi, moyo unanienda mbio na mkono unatetemeka hadi mstari siuoni, lakini napata sauti ya kurasa tatu. Ile nyingine ya kuvuta kila asubuhi na jioni niliiweka kabatini, maana nikiivuta sisikii tofauti yoyote. Jumapili moja pumzi ikakatika katikati ya sentensi, dada akauliza, "Upo? Nani anakufukuza?" nikakata simu, na kesho yake nikamtumia mkwe wake anayekaa naye ujumbe amsomee, kwamba kitabu kimepotea.

Kitabu kipo chini ya mto wangu.

Hii ni wiki ya tisa, na simu zake sipokei. Mkwe wake ameniandikia kwamba dada amewatuma watu mji mzima mpaka nakala nyingine imepatikana, inakuja na msafiri, itanifikia Ijumaa. Mke wangu, ambaye anajua kikohozi tu, ananiuliza, "Mmekosana na wifi?" nasema hapana, naenda kukohoa uani. Nikimwambia dada ukweli nitamtia huzuni akiwa mbali nami, nikinyamaza ataamini nimemchoka. Nifanye nini Jumapili?

Fundi Magodoro

*

Shikamoo, Fundi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikasirika.

Pole kwa kifua, na pole zaidi kwa wiki hizo tisa. Lakini mzee wangu, ugonjwa hukuuchagua. Uongo umeuchagua mwenyewe. Mama wa watu haoni, amezungusha mji mzima akitafuta kitabu ulichokilalia! Na unadhani hajui? Mtu anayekujua kwa sikio tu amekisikia kifua chako kabla ya daktari. Anachosubiri ni kuambiwa.

Dawa uliyoifungia kabatini ndiyo inayokulinda. Hutasikia tofauti siku hiyo hiyo. Inafanya kazi kimya kimya, kwa wiki kadhaa. Itoe leo, asubuhi na jioni, na usukutue mdomo kila ukimaliza. Ile ya haraka si ya kukopea sauti, na mara kumi mfululizo ni kuuchezea moyo. Nenda kliniki kabla ya Ijumaa, umtajie daktari idadi ya kweli, uvute mbele yake akuone. Kuchambua pamba basi, mwachie mwingine. Wewe shona, dirisha likiwa wazi. Ukibanwa, kaa, inama mbele kidogo, toa pumzi polepole kama unayepoza chai. Ukishindwa kutamka hata maneno mawili, usiniandikie mimi, kimbilia hospitali. Na mkeo ajue yote, leo.

Sitakudanganya: sura nzima huenda usiisome tena. Soma ukurasa, soma hata aya. Nakala ile mpya arudi nayo msafiri, mkwe aendelee pale utakapoishia.

Jumapili piga simu ukiwa umekaa, mkeo kando yako. Kabla ya kufungua kitabu sema, "Dada, kitabu hakikupotea." Ni maneno matatu, pumzi yake unayo. Kisha soma. Na pumzi ikikatika, usikate simu.