Masumbuko Alipokuja Kulivuta Karavani

Kambi ya Bwana Dawood,
Ruaha Mbuyuni,
Iringa.

29 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Jackline,

Kamwene? Za huko Ndola? Goti la shemeji Bwalya limetulia, au bado linamsumbua kwenye ngazi? Na wajukuu, wanajua Kiswahili hata cha kuombea maji, au ni Kibemba tupu?

Mimi ni mzima, ila uzima wa mtu aliyechoka. Kifua kimepungua tangu nishuke huku kwenye joto. Barua hii anakuletea Obeid, dereva wa lori anayepita kwenu. Kwenye simu haya nisingeyamaliza.

Mafinga ya kipupwe unaijua, asubuhi nyasi zote nyeupe kwa sakitu. Miaka yote niliyomwagilia miche ya paina, baridi ile iliingia kifuani ikajenga. Ndiyo maana marehemu mume wangu Marcelino alipopewa na kampuni ya barabara lile karavani kuukuu, kijumba cha magurudumu cha kuvutwa na gari, tukawa tunashuka nalo hapa kila kipupwe, sisi na mbwa wetu, kama wastaafu wa Kizungu.

Mwaka huu ni wa kwanza bila yeye. Jirani mwenye Landkruza ndiye aliyenivuta. Mlima Kitonga wote niliuteremka nimefumba macho.

Maisha ya hapa ni yale yale. Mbwa wananiamsha kwa kukwaruza mlango. Nachota maji, nasonga ugali wa dona, nauchanganya na vichwa vya samaki, tunakula. Wageni wanaolala kwenye mahema juu ya magari yao wanapiga picha, wanaondoka. Nyani wakija kuiba, Hayawahusu anawakimbiza. Huyo ndiye mbwa mdogo. Jina alipewa na Marcelino kwa ajili ya majirani. Mchana nakaa kivulini na kuwaza nifue au nisifue. Mara nyingi sifui.

Subira, yule jike mzee, ndiye aliyenitia simanzi. Alikuwa mbwa wa Marcelino hasa. Tangu tufike amejilaza chini ya karavani, hali mpaka nimlishe kwa mkono.

Sasa nikueleze ya mwanetu Masumbuko. Tangu msiba alikuwa akinipigia kutoka Mbeya, kwamba si vizuri mama yake kukaa peke yake kando ya barabara ya malori, watu watamwelewaje. Alitaka nihamie kwake Soweto, hukohuko Mbeya. Mwenye nyumba wake hataki mbwa. Karavani alishalipatia mnunuzi Mafinga. Nilikataa, nikakataa, halafu nikakubali. Nisikufiche, nilikubali kwa uchovu. Kubishana na mtoto anayekupenda kunachosha kuliko kulima. Bwana Dawood, mwenye kambi, akasema mbwa watabaki kumlindia geti.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita Masumbuko akafika na gari la kuazima. Akalifunga karavani nyuma, akaondoa mawe kwenye magurudumu. Subira hakutoka. Tulimwita, tukamwonyesha nyama, wapi. Mwishowe Masumbuko akalala kifudifudi na suruali yake ya ofisini, akajisukuma chini kumvuta.

Nikawa naona viatu vyake tu. Akakawia. Nikadhani amenasa, nikainama kumwuliza, ndipo nikasikia analia.

Jackline, wewe hukuwahi mazishi. Huyu mtoto ndiye aliyeshughulika na jeneza, magari, chakula cha waombolezaji, na chozi halikumtoka. Watu walimsifu kwa ujasiri. Mimi ilinitia hofu. Sasa alikuwa amemkumbatia mbwa wa baba yake kwenye vumbi, analia kama siku aliyong'olewa jino. Nilikaa kwenye ngazi. Bwana Dawood alikuwa anatuletea chai. Alipoona, akageuka nayo.

Alipotoka, shati halikuwa na rangi tena. Akakaa karibu yangu.

"Mama, niambie ukweli. Umechoka na kukaa hapa, au umechoka na mimi?"

"Nimechoka tu, baba. Lakini hapa nachoka vizuri."

Kisha akainuka, akalifungua karavani, akarudisha mawe. Akampigia mnunuzi palepale kumwambia haliuzwi. Alilala hapa, na asubuhi akamlisha Subira kwa mkono wake kabla ya kurudi Mbeya. Anasema baridi ikiisha atakuja kutupandisha Mafinga sote.

Sisemi mambo yamenyooka. Mwakani sijui nani atanivuta, na Subira ni mzee, sidhani kama ataiona Mafinga tena. Lakini siku hizi Masumbuko anapiga kila jioni, na swali la kwanza ni kama Subira amekula. Mimi ananiulizia baadaye. Sinuni. Najua anayemlilia ni baba yake.

Nisalimie shemeji Bwalya, mwanangu Tuntufye na wajukuu wote. Mama mkwe wako mwambie pole ya macho. Mungu awafunike huko ugenini, awape usingizi mzuri na watu wa kuamka nao.

Ni mimi dada yako, niliyechoka miguu, nisiyechoka kukupenda,

Yusta