Sijambo ya Bi Rukia

Jumatatu, 6 Oktoba
Chai ya tangawizi, mkate wa jana. Salum kanibusu mlangoni mara tatu, akarudi kwa ya nne, eti kasahau mwavuli. Wiki ya saba ya ndoa. Nampenda mume wangu mpaka naona haya.
Mchana, kikao chuo kikuu. Wanatafiti kama wazee Waswahili wa hapa ughaibuni, Kilburn, wanahitaji msaada nyumbani, wakataka na sisi wa mtaani tuwemo. Mimi kazi yangu kutunza wazee, elimu yangu kidato cha nne. Nilikaa karibu na mlango.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimempeleka mtafiti, Dokta Claire, kwa Bi Rukia, jirani yetu wa ghorofa ya juu. Mimi mkalimani. Chai dokta kaikataa, ana haraka. Maswali kumi na mbili, jibu moja: "Alhamdulillahi, mwanangu, sijambo." Bi Rukia huyu huyu anayeshuka ngazi kwa makalio. Dokta kaandika: hahitaji msaada. Na kaunsili, serikali ya mtaa, itafuata majibu haya kuamua nani apewe msaidizi. Nimefasiri sawasawa na nimejiona mwongo.

Alhamisi, 9 Oktoba
Salum alikuwa akikata vitunguu, machozi yanamtoka. Nikambusu hivyo hivyo, nikamweleza ya Bi Rukia.
"Waambie."
"Ni maprofesa wale."
"Na Bi Rukia wanamjua? Basi."
Mume gani huyu. Nilimpata wapi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimesema. Kikaoni, mbele yao wote. Kwetu ukiulizwa hali, kwanza unajibu njema, hata uwe mahututi. Ndiyo adabu. Na mgeni asiyeonja chai haambiwi ya ndani. Profesa, mkuu wa utafiti, akanuna: kila mzee aulizwe sawa. Dokta Claire kawa mwekundu, akasema, "Nirudishe kwake." Profesa kakubali, tumjaribu mmoja.
Nimecheka peke yangu mpaka kituoni.

Jumanne, 14 Oktoba
Dokta kanywa chai. Visheti vinne. Wakaongea mvua, wajukuu, harusi yangu. Bi Rukia akasema nimenenepa kwa mahaba. Kikombe cha pili, dokta akarudia swali la kwanza. Bi Rukia akatazama zulia.
"Miguu, mwanangu. Siifikii kuiosha. Tangu Idi."
Nikafasiri. Dokta akaitoa karatasi ya Jumatano, akaipiga mstari, akaandika upya.
Alipoondoka nilibaki. Nikajaza beseni maji ya uvuguvugu, nikapiga magoti. Bi Rukia hakukataa.