Baki za Milioni na Tatu

Jumatatu, 3 Juni 1974
Asubuhi palizi, shamba la mihogo la shule. Mikono imechubuka. Wakati wa chai nikajigamba mbele ya walimu wenzangu: milioni moja na tatu ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Wakashangaa. Tatu, mchumba wangu, anayefundisha la sita, akauliza kama nimeigawa kwa namba tasa zote zilizo chini ya elfu. Kuzidi hapo hakuna haja. Swali la haki kabisa. Nikajibu, "Wallahi, zote." Akaniomba radhi, watu wanasikia.

Nilikomea 607. Nilichoka tu, nikalala.

Jumanne, 4 Juni
Mwalimu Mkuu kaamuru namba iandikwe kwenye ukuta wa la saba, rangi nyekundu. Kanisifu. Nikachekacheka kama mjinga. Tatu ndiye aliyeshika kopo la rangi. Sikuweza kumtazama.

Kiapo cha uongo, kwa ajili ya namba! Hata mwizi wa kuku ana sababu kunizidi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeanza pale nilipoachia. 613, baki 200. 617, baki 463. Mwanzoni ilikuwa tamu: saba, kumi na moja, kumi na tatu, thelathini na saba, zote baki nne. Huku juu ni jasho tu.

Mjomba, mshenga wangu, karudi kutoka Kisarawe. Wazee wa Tatu wameridhika. Wanasema wanampa binti yao mtu wa neno lake. Chakula kikanishinda.

Ijumaa, 7 Juni
Vijana wote wa hapa kijijini Mbwawa wamekwenda Gwata kwenye mpira. Mimi na karatasi. 809 ikatoka bila baki. Basi si tasa! Wazo la kwanza: niwahi shuleni, nikwangue ukuta kabla Tatu hajajua. Ndivyo nilivyo, kumbe.

Nikarudia. Nilikosea kutoa. Baki 79.

Jumamosi, 8 Juni
997, baki 12. Imekwisha. Ni tasa kweli! Nikapiga kelele, mama akaja mbio na mwiko mkononi. Furaha haikudumu. Namba ilikuwa tasa kabla sijazaliwa, haikuhitaji kiapo changu. Mimi niliapa uongo, na bado ni uongo.

Jioni nikamweleza Tatu yote. Hakulia, hakugomba. Afadhali angenitukana. Kasema tu, "Uliniapia mbele ya watu. Waambie haohao."

Jumatatu, 10 Juni
Nimesema. Mbele ya haohao, chai inamiminwa. Wakacheka. Mwalimu Mkuu akasema, "Si ni tasa lakini? Basi, yameisha." Wakahamia habari za sukari kuadimika.

Tatu hakucheka. Wala hakusema yameisha. Alimaliza chai yake, kengele ikagongwa, akaenda darasani.

Mjomba anataka nimpe siku ya kupeleka mahari. Nimemwambia akamwulize kwanza Tatu kama bado ananitaka.