Gego la Baba Rajabu

Jumapili, 12 Mei 2024

Shavu la Baba Rajabu limeamka kubwa kuliko lilivyolala. La kushoto. Jicho limebaki upenyo. Nimemwambia, leo una sura mbili, niongee na ipi? Hakucheka. Kucheka kunauma.

Gego hili lina mwaka wa pili sasa. Limetiwa karafuu, limetiwa chumvi, limetiwa ugoro. Kumbe jana, mimi nikiwa arusini, mwenzangu kachoma maganda ya korosho, kakinga yale mafuta yake, kayadondoshea jinoni! Mafuta yanayobabua mikono ya wabanguaji! Ufizi umebabuka, mdomo wa chini umetoka malengelenge. Mtu kazaliwa kwenye mikorosho, anayajua, na bado. Nikamwuliza ulikuwa unawaza nini. Eti jino lingekufa lenyewe, asingehitaji kwenda kwa mtu.

Kwa mtu — yaani hospitali. Na huyu ndiye ngariba wa Chilangala! Mwezi ujao shule zikifungwa anaingia kumbini, jandoni, na watoto wa watu, anawaambia mwanamume halii. Sindano ya jino inamtoa mbio.

Keshokutwa nampeleka Newala. Atake asitake.

Jumanne, 14 Mei 2024

Tumekwenda. Bodaboda moja, yeye katikati, shavu amelifunga kwa kanga yangu ya maua. Pale kituoni binti mmoja kampita, kamwamkia: shikamoo bibi. Akaitikia! Marahaba! Nimecheka mpaka dereva kageuka.

Daktari wa meno ni mwanamke kijana, Winfrida, kwao Lulindi. Mpole. Katuamkia wote wawili, kamkalisha, kamchungulia mdomo kwa taa. Koleo hakulishika. Kasema kwanza uvimbe upoe, kampa dawa ya siku sita. Lakini wiki ijayo jino litoke. Lisipotoka usaha utashuka shingoni, uzibe pumzi, na hapo mtu anakufa. Kasema hivyo hivyo bila kuzungusha. Nikaacha kucheka.

Halafu kamwuliza, baba, unaogopa nini? Baba Rajabu, Mahmudu wangu, anaangalia dari. Basi daktari kamweleza njia zilizopo. Kuna sindano ya ganzi peke yake: uko macho, unasikia unavutwa lakini huumii. Kuna ganzi hiyo hiyo, ila saa nzima kabla yake unameza kidonge cha kutuliza. Unalegea, unasinzia, lakini ukiitwa unaitika. Kuna gesi ya kuvuta puani, hiyo hapa hawana. Na kuna nusu kaputi, kwenye chumba cha upasuaji. Unalazwa usingizi, hujui lolote mpaka uamke.

Kufika hapo kwenye kuamka, Baba Rajabu kasimama. Katoka nje. Na kanga yangu kichwani!

Mimi nikabaki. Aibu yote nimebeba mimi. Nikauliza habari za kile kidonge. Kasema asile kitu, asiguse pombe, aje na mtu wa kukaa naye na kumrudisha, asiendeshe pikipiki, asitie saini karatasi yoyote mpaka kesho yake. Nikasema, na je, akiniahidi cherehani ya umeme hali amelegea, ahadi inahesabika? Daktari kacheka. Kasema mama, siku hiyo usimwombe kitu.

Nimemkuta kwenye bodaboda, ameshapanda, ananisubiri.

Jumatano, 15 Mei 2024

Habari imefika Chilangala kabla yetu. Asubuhi tu Dadi huyo hapa uani. Dadi ni Myao, mtani wake, hana breki. Nasikia ngariba kalikimbia koleo! Watoto wa mwaka huu wakiukimbia wembe msiwapige, wamemfuata mwalimu wao! Majirani wamecheka mpaka basi. Na mimi nisibaki nyuma — nikapaza sauti kutoka kwenye cherehani: mwanamume halii, Baba Rajabu!

Baba Rajabu kumwacha mtani aondoke bila jibu! Hilo sijaliona tangu aniolewe — hee, tangu anioe, kalamu nayo inanitania. Kachukua pampu ya salfa, kaenda kupulizia mikorosho. Saa nane mchana, jua na upepo, wakati salfa watu wanapuliza alfajiri. Kanuna.

Dawa lakini anameza. Shavu limepungua kidogo.

Ijumaa, 17 Mei 2024

Wifi Shakila amekuja kutoka Masasi kumwona kaka yake. Nimempa shikamoo yake, nimempa chai, nikaanza kumsimulia kioja cha kwa daktari. Kanga, koleo, mbio. Nilikuwa nakata kitenge cha mteja huku nasimulia, najifurahisha mwenyewe. Nikainua macho. Wifi hacheki.

Kasema, Mama Rajabu, kwani wewe huyajui ya Sijaona?

Sijaona ni mke wake wa kwanza. Najua alikufa kabla sijaja, najua alikuwa na ugonjwa wa tumbo. Ndiyo yote niliyoambiwa. Kumbe alikwenda kupasuliwa. Mahmudu akaambiwa analazwa tu usingizi, adhuhuri ataamka, mwandalie uji. Akakaa kwenye benchi na chupa ya uji tangu asubuhi. Mlango ukifunguka anasimama. Mpaka magharibi. Hakuamka. Wifi anasema uji ule aliubeba kurudi nao, na akawakataza ndugu wote wasilitaje jambo hilo mbele yake.

Kwa hiyo si sindano. Wala si koleo.

Nimeona aibu mpaka mkasi nimeuweka chini. Miaka kumi na tisa ya ndoa! Na kumbe ndiyo maana. Nikiwahi kulala mimi, ananigusa bega. Mama Rajabu, mlango umefunga? Mama Rajabu, ndoo iko wapi? Mimi namjibu kwa hasira, nimechoka, niache. Anasema haya, lala. Nilidhani ni usumbufu tu wa mwanamume.

Jumamosi, 18 Mei 2024

Nimemwambia sitaki nusu kaputi, mimi sitaki. Tuchukue kidonge. Hulali. Unasinzia tu, na mimi nimekaa hapo nakuita.

Kaniangalia sana. Amejua kwamba najua. Kauliza, utaita kila mara?

Kila mara. Wewe unanijua nikianza kusema.

Kasema hilo halina ubishi, hata maiti wangeomba uwapumzishe. Utani wake wa kwanza wiki hii! Nimemwacha ashinde. Jumatatu tunakwenda.

Jumatatu, 20 Mei 2024

Astaghfirullah. Leo kioja ni changu mimi.

Daktari alisema asile kitu, yaani aje amefunga. Basi mimi, mke mwema, saa kumi alfajiri nimewasha moto. Ugali wa muhogo, samaki mkavu wa nazi, nimeviponda laini kwa ajili ya mdomo wake, chai ya maziwa juu. Nimemwamsha ale daku. Mtu gani anafunga bila daku? Akala akashiba. Nikamhimiza: ongeza, siku ni ndefu.

Daktari Winfrida kauliza, baba amekula lini mara ya mwisho? Nikajibu mimi, kifua mbele: tangu daku hajatia kitu mdomoni! Kauliza tena: Daku la saa ngapi? Nikasema. Akashika ukuta, mabega yanamtikisika. Kisha kajikaza, kaeleza kwa adabu: mama, tumbo liwe tupu kabisa, tangu usiku. Mtu akilegea na ugali tumboni anaweza kutapika, ukaingia njia ya hewa. Kosa ni langu, kasema, sikufafanua. Muungwana huyu. Kosa ni langu.

Tumerudishwa mpaka kesho. Nilidhani mgonjwa wangu atatoroka tena. Wapi! Kashangilia. Kwenye bodaboda anamwambia dereva: mke wangu kasomea udaktari, digrii yake ya daku. Kijiji kizima sasa wananiita Dokta Daku. Dadi ndiye anaongoza.

Haya. Acha wacheke. Nimeona anatabasamu kwa upande ule mzima.

Jumanne, 21 Mei 2024

Niko kwenye benchi, nje ya chumba cha meno. Tumbo lake tupu, nimelilinda mwenyewe. Wamempima presha, kidonge amemeza saa mbili na nusu. Daktari kasema tungoje saa nzima hapa hapa, nimwangalie, nimwite, asipoitika nigonge mlango haraka. Naandika huku namwita.

Baba Rajabu! — Naam.

Saa tatu kasoro dakika kumi. Kichwa kimeniegemea begani. Kizito. Baba Rajabu! — Naam, mama. Anasema miguu yake imekwenda mbele, imemwacha. Nimemwambia itarudi, haina pa kwenda.

Sasa anaimba! Wimbo wa kumbini, tena yale maneno ambayo wanawake hatutakiwi kusikia. Nimemziba mdomo kwa kanga. Nesi kapita, kajifanya hajasikia. Nina la kumtania mpaka uzeeni.

Baba Rajabu! — Mm.

Nimemgusa bega. Baba Rajabu! — Mm.

Saa tatu na dakika kumi. Amefungua macho, ananitazama. Lakini anayemwona si mimi. Kasema, Sijaona.

Miaka kumi na tisa sijawahi kulisikia jina hilo kinywani mwake. Kasema tena, pole pole. Sijaona, umeamka?

Nilipata wivu? Kidogo. Hapa siwezi kujidanganya. Lakini nimeshindwa kumwambia si yeye. Daktari alinifundisha habari za tumbo, hakunifundisha hili. Nimesema, nimeamka.

Akanikamata mkono. Machozi, pande zote mbili, ule wenye uvimbe na ule usio na uvimbe. Mwanamume huyu analia benchini mbele za watu na sitamtania kwa hili, kamwe. Kasema, nimekuwekea uji.

Nimesema ahsante.

Saa tatu na nusu. Mlango umefunguliwa, Daktari Winfrida anaita, Mahmudu aingie. Na Mahmudu amesimama kweli, anayumba, hauachii mkono wangu, naandika kwa mmoja — lakini anauvuta kuelekea getini. Anasema haya, mke wangu, umeamka, tumekaa mno hapa, twende nyumbani. Daktari anasubiri. Gego lipo kinywani. Yeye anavuta, na mimi sijui nimrudishe kwa jina la nani, langu au la Sijaona.