Waya Hauna Kosa

4 Mei

Mwanangu,

Hujambo mama? Mjukuu wangu hajambo? Mimi mzima, tumbo limeacha ukorofi wake. Jumapili saa kumi nilikuita kwa redio yetu ya mawasiliano, kama tulivyozoea tangu uhamie huko, nikaambulia mvumo mtupu. Nashuku waya wa antena. Kile kiungo cha juu ya paa nilikisokota kwa mkono bila kukilehemu, na mimi fundi umeme wa miaka arobaini! Shaba imeota kutu ya kijani, mawimbi yakifika pale yanakwama. Nitapanda nikitengeneze. Nataka kumsikia huyo mtoto kabla hajaota meno.

Baba yako

25 Mei

Baba mpenzi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mtoto anakua na makelele yake. Jumapili zote hizi nimekusikia vizuri, hata ulipokohoa na kumfokea paka. Nilikujibu, nikamweka mtoto mbele ya kipaza sauti, akalia kwa nguvu zake zote. Pole kwamba hukupata kitu. Bila shaka ni hicho kiungo. Kagua na kwingine, baba, huenda waya una mkato mahali.

Bintiyo

14 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mdogo. Kiungo nimekilehemu. Kisha nikaushusha waya wote, nikaupitisha vidoleni shibiri kwa shibiri. Mkato nimeukuta kweli, pale nilipomenya ganda kwa kisu kwa haraka zangu. Nyuzi tatu kati ya saba zimekatika, upepo ungemalizia zilizobaki. Upande wa pili waya umevutika ukarefuka, na waya ukirefuka unahama kwenye mawimbi yako. Basi nimefunga mpya kabisa, hauna hata kikunjo kimoja. Bado mvumo! Wiki ijayo napanda tena kuinua nguzo. Jirani yangu, yule mama fundi cherehani, ananishikia ngazi huku akinisema.

Baba yako

2 Julai

Baba,

Shikamoo, na pole sana. Jumapili nilikusikia ukisema umeanguka kutoka kwenye ngazi, mkono umefungwa plasta. Nililia mpaka majirani wakapiga hodi. Usipande tena. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba waya wa kusemea ndio huo huo wa kusikilizia, ukiwa mbovu unaharibu kote kuwili. Mimi nakupata wazi tangu mwanzo. Waya hauna kosa. Ni masikio yako, baba. Nilijua tangu Mei, nikashindwa kutamka, nikakutuma ukatafute mkato. Nisamehe.

Bintiyo

20 Agosti

Baba,

Shikamoo. Mkono unaendeleaje? Jumapili saba sasa nakuita, uko kimya. Hata barua? Nitukane basi, lakini unijibu.

Bintiyo

11 Septemba

Mwanangu,

Hamjambo wote? Plasta imetolewa, nashika kalamu vizuri. Nilikukasirikia, sitaficha. Si kwa kunipandisha paani. Nilikasirika kwa sababu ulisema kweli. Nikaizima redio, nikaifunika shuka.

Jumapili nikaiwasha ili nikuonyeshe umekosea. Fundi cherehani alikuwa ameniletea suruali. Akasimama mlangoni, mkono mdomoni. Nikamwuliza kuna nini. Midomo ikacheza, sikupata neno. Akachukua chaki yake akaandika mezani: mtoto analia. Na mimi sikio langu lilikuwa limegusa spika. Sikusikia chochote, mwanangu. Hata ule mvumo umekwisha. Daktari amepima masikio, anasema hayarudi.

Usiache kumweka mbele ya kipaza sauti. Redio ina sindano ya kipimo inayopanda kila sauti inapoingia. Nilikaa nikaitazama. Ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, na kila mara mama wa watu akaniitikia kwa kichwa kuwa ndiye. Mtoto alipolala ikatulia kabisa, nami nikabaki nimeketi.

Siku moja akiuliza, mwambie babu alikuwepo, ila sauti ya mjukuu wake hakuwahi kuijua.

Baba yako