Ungo Ulioinamia Upande Wako

Rangwe, 1998

Mpendwa Mama Awino, nyar Kuria, binti wa Wakuria,

Mimi mume wako nina miaka sabini na sita. Nimeishi kuliko ndugu zangu wanne, kuliko kiwanda cha pamba kilichonipa kazi, kuliko machifu watatu na meno yangu yote ya juu. Nilisema nitaishi kuliko ile mvua kubwa pia, na nimeishi. Lakini mvua hiyo iliondoka na wewe, na mimi sikuwa nimepanga kuishi kuliko wewe.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Darasa la pili nilimaliza, tena nikiwa wa kwanza. Wanaobisha wote wamekufa. Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba yetu. Kikuria chako kilinishinda, na Dholuo yangu ulisema inakuchosha koo. Na barua yenyewe naiacha wazi, asomewe kila mtu pale sokoni. Nilijisifu mbele za watu, sasa siwezi kujirudi mafichoni.

Unakumbuka mchezo ulivyoingia kwetu? Ni mwaka ule watu walikuwa wakionyesha vidole viwili barabarani kudai vyama vingi. Ulikuwa mpishi kwenye shule ya wasichana. Yule mwalimu mzungu wa hesabu alipofunga mizigo yake, alikuachia kitabu kilichochanika na kukuambia huu ni mchezo wa mezani, kila mchezaji anakuwa mtu mwingine, mmoja anasimulia na wengine wanasema watafanya nini, na dadu ndizo zinaamua. Ulikisoma mwezi mzima kando ya sufuria za shule. Siku moja ukaja nacho nyumbani ukakitupa mezani.

"Kimejaa majoka," ukasema. "Majoka yana kazi gani hapa Rangwe?"

Ukanunua daftari, ukaandika mchezo wetu. Ukauita Njia ya Isebania. Watu wanatoka Homa Bay na magunia ya omena, dagaa wa ziwani, wanataka kufika mpakani. Njiani kuna chui, kuna wezi wa ng'ombe, kuna askari wanaotaka kujua gunia lina nini, na kuna mto Kuja umefurika. Kila mchezaji anapewa mbegu kumi za mahindi agawanye: ngapi za nguvu, ngapi za akili, ngapi za mdomo. Mimi mtu wangu nilimwita Jenerali. Nikampa mbegu moja ya nguvu, moja ya akili, nane za mdomo.

Uliniangalia sana. "Una uhakika, Baba Awino?"

"Mwanamume mwenye mdomo misuli ya nini?"

Odhiambo, yule fundi wa nguo jirani yetu, alicheka mpaka akapiga chafya.

Tulikuwa tunacheza Jumapili baada ya kanisa. Dadu mbili za ludo ulizirusha ndani ya ungo, na ungo uliupakata mapajani, umeinamia upande wako. Dada yako Gati akija kututembelea alikaa ubavuni mwako. Mimi na Odhiambo tulikaa ng'ambo ya meza. Ulirusha, ukatazama ndani, halafu ndiyo ukasema.

"Odhiambo, maji yamekubeba."

"Tena? Na nguvu zote hizi? Na huyu jaduong', huyu mzee mkavu, je?"

"Jenerali amevuka."

"Huyu mzee analindwa na nini?"

"Na akili," nikasema.

"Akili gani, na mbegu ni moja!"

Watu wa Odhiambo mchezoni walikufa watatu. Kila mara alikuwa anasonya, anaomba mbegu nyingine kumi, anaanza upya. Jenerali hakufa hata siku moja. Miaka saba, Mama Awino! Alitoka mikononi mwa chui, aliwashinda wezi kwa maneno matupu, alivuka Kuja kama mtu anavuka uwanja wa shule. Mara moja tu, mwanzoni kabisa, ulisema wezi wamechukua gunia lake moja. Nikapiga meza teke, na siku mbili sikugusa ugali wako. Baada ya hapo hawakuchukua hata kisamvu. Nilitangaza sokoni, nilitangaza kanisani, kwamba hajazaliwa mtu wa kunishinda mchezo huo.

Halafu ukalazwa Homa Bay. Nilikuja na dadu mfukoni. Hukuweza kukaa, ukaniambia, "Rusha wewe." Nikarusha juu ya shuka, mbele ya macho yangu mwenyewe. Moja na moja. Uliziangalia zile dadu, ukaniangalia mimi, ukasema kwa sauti ndogo, "Umevuka." Nami nikafurahi. Nilifurahi, mwanamke anakufa mbele yangu! Nilidhani kuna sheria ya mbegu za mdomo niliyoisahau. Kwenye mazishi yako, watu wamesimama kwenye tope, nikasema hata hospitalini nilishinda.

Nyasi zilipoota juu yako nikachukua daftari zako nne nikazipeleka Kisumu kwa wachapishaji. Nilitaka ziwe kitabu. Kulikuwa na binti mhariri, mwenye heshima, alikuwa amezisoma zote.

"Mzee, mtunzi ni nani?"

"Mimi," nikasema.

Nisamehe. Nilisema hivyo, na siwezi kulirudisha neno.

Akaniuliza maswali. Mtu akiwa hana mbegu ya akili anaweza kudanganya askari? Nikajibu la kwangu. Wachezaji wakiwa wawili tu, nani anasimulia? Nikajibu la kwangu. Basi akasema tucheze kidogo aone sheria zinavyofanya kazi. Akazirusha dadu juu ya meza, wazi. Tulikuwa mtoni.

"Mbili na moja, tatu. Na nguvu yako moja, nne. Hapa mmeandika mpaka ifike kumi na moja." Akainua macho. "Pole, mzee. Umekufa."

"Mimi sijawahi kufa."

"Hujawahi? Kwa nguvu moja?"

"Miaka saba. Rudia."

Akarudia. Nikafa. Akarudia mara tano, na mara tano maji yakanibeba, na chai yangu bado ilikuwa inatoa moshi. Akaanza kucheka.

"Kwani kule nyumbani nani alikuwa anarusha?"

"Mke wangu."

"Nanyi mlikuwa mnaziona dadu?"

Nikasogeza kikombe cha chai. Yeye naye akaacha kucheka. Akafungua daftari la kwanza, ukurasa wa pili, akanisomea mwandiko wako: Dadu zirushwe mahali wote wanaona. Msimulizi asifiche.

Mimi ukurasa huo sikuwa nimewahi kuusoma. Nilikuwa nasubiri uniambie.

"Swali langu limebaki moja, baba," akasema. "Tuchapishe ilivyoandikwa, au mlivyocheza?"

Nikainuka. Nikashika njia mpaka Isebania kwa Gati. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikamwambia, shemeji, niambie ukweli, dada yako alikuwa ananidanganya?

"Ulitaka afanye nini? Mke amwambie mume wake kwa kinywa chake, umekufa? Neno kama hilo ukilitamka umelipanda."

Hapo roho yangu ikatulia kidogo. Kisha akasema tena, bila kuinua uso, "Halafu wewe ulikuwa unasusa ugali."

Tangu siku hiyo, Mama Awino, naishi katikati ya maneno hayo mawili na sipati pa kulala. Kama ni mila, basi uliogopa nife. Kama ni ugali, basi uliniogopa mimi. Na kuna la tatu linaloniuma zaidi: pengine ulichoka tu, ukaniachia kama vile mtoto anavyoachiwa ashinde ili anyamaze. Mtu aliyeandika "asifiche" alificha miaka saba, na sababu alikwenda nayo. Naweka ungo mapajani mchana, narusha mwenyewe, naangalia. Jenerali anakufa mtoni. Nampa mbegu upya, anakufa kwa chui. Odhiambo akipita ananiita tucheze, nasema nina kazi. Sina kazi. Sina mtu wa kuniambia nimevuka, na nikiambiwa na mtu mwingine sitamwamini.

Nimemjibu yule binti. Nimemwambia achapishe ulivyoandika wewe, dadu wazi, wote waone. Jaladani liwe jina lako peke yake, Boke, na langu lisiwekwe hata nyuma. Aliuliza swali la mwisho: mchezaji ambaye mtu wake amekufa na hataki kuanza upya, anakwenda wapi? Kwenye daftari zako hakuna. Nikamwambia aandike: anabaki mezani, anasikiliza wenzake wakifika Isebania. Kama nimekosea, hilo ni kosa langu, usilibebe.

Lala, nyar Kuria. Sisemi tutaonana. Sheria za huko sizijui, na wa kunisomea hayupo.

Mimi mume wako,
Baba Awino.

Na yeyote atakayesema haya nimetunga, aende Isebania amuulize Gati. Alikaa upande wako wa ungo, kila dadu aliiona. Anajua Jenerali alikufa mara ngapi. Mimi mwezi uliopita nilifika tena mpaka mlangoni kwake na swali hilo mdomoni, nikamsalimia, nikauliza habari za mifugo, nikarudi.