Picha Mpya ya Duka la Baba Mdogo

Duka la Pembejeo,
Lizaboni,
Songea.
26 Januari 2025

Mpendwa mwanangu Joachim,

Hujambo, mwanangu? Habari za Mwanza, na habari za huyo mkwe wangu Pamela ambaye mpaka leo namwona kwenye simu tu? Mtoto ameshaota meno? Na kile kikohozi chako cha kila masika kimekuacha, au bado mnaishi pamoja? Sisi huku tunasema hatujambo kwa sababu ndivyo watu wanavyojibu. Mvua inanyesha vizuri, mahindi ya Matogoro yamefika kiunoni, na dagaa wa Nyasa wamejaa sokoni, kama bado unawakumbuka baada ya kuzoea sato.

Najua unashangaa mama yako mdogo kukuandikia kwenye karatasi. Simu yangu ilikanyagwa siku ile ikawa vipande, na hii ya Devota naiazima kwa masharti. Halafu nikuambie ukweli: kwenye simu ningekufokea. Kila ulipopiga nilimpa Devota azungumze na wewe, maana naujua mdomo wangu. Kwenye karatasi mtu anaweza kusimama akavuta pumzi kabla ya kuendelea.

Ukimaliza kusoma barua hii mpigie mdogo wako Devota, atakutumia picha mpya ya duka. Nataka uiweke kwenye ramani ya simu kama ilivyo. Lakini usiione kabla hujasoma haya, kwa sababu uliyoyasikia ni robo tu, na Devota aliyekusimulia alikuwa chuoni siku ile, hakuona kitu.

Unaikumbuka picha ya kwanza niliyopiga mwenyewe, bango limekatwa katikati na kidole changu kimeingia pembeni. Ulicheka mpaka Pamela akakunyang'anya simu. Basi ukanifundisha. Nivuke barabara nisimame kwa fundi pancha, nipige asubuhi jua likimulika mlango, simu niilaze, bango lote lionekane na mlango na ngazi, na kabla ya yote nifute kioo cha kamera kwa kanga. Nilifanya yote. Asubuhi hiyo pikipiki moja ilikuwa imesimama mbele ya ngazi, dereva wake yuko ndani anafunga mifuko ya mbolea. Nikakuuliza, niisubiri iondoke? Ukasema iache, wateja waone kwamba mzigo hapa unabebeka. Picha ikatoka safi kweli. Herufi za bango zinasomeka, na namba ya pikipiki inasomeka.

Wateja walikuja, siwezi kukunyima hilo. Mtu anatoka Tunduru hamjui yeyote Songea, anafuata simu yake mpaka ngazini kwetu. Baba yako mdogo akawa anamwonesha picha ile kila anayeingia, hata aliyekuja kuomba maji ya kunywa. Nikamtania kwamba amekuwa mtu wa televisheni.

Sasa dereva wa pikipiki ile anaitwa Azizi, kijana wa kijiwe cha bodaboda cha Msamala. Mwanzoni mwa Desemba alikodiwa na watu wawili awapeleke Matogoro. Njiani walimpiga nyundo ya kisogo, wakamsukumia mtaroni, wakaondoka na pikipiki. Alilala hospitali hajui hata jina lake. Wenzake wa kijiwe wakaapa kwamba mwizi wakimpata hafiki polisi. Na mimi nilipopata habari hiyo nilisema wafanye hivyohivyo, wala sikusema kwa sauti ndogo.

Alhamisi iliyofuata mmoja wa vijana hao alikuwa na abiria anayetaka dawa ya viwavi. Akafungua ramani kutafuta duka, akaiona picha yetu, akaikuza. Namba ya pikipiki ya Azizi hiyo hapo, mbele ya ngazi yetu, na chini yake pameandikwa kwamba duka liko wazi sasa hivi. Wao wakaona picha nayo ni ya sasa hivi. Ramani si inawaonesha wao wenyewe wakisogea barabarani, kwa nini isiwaoneshe pikipiki iliposimama? Katika kijiwe kizima hakuna aliyeuliza picha ile ilipigwa lini.

Walitufikia mchana, duka limejaa wakulima. Nilisikia injini nyingi zinazimwa kwa pamoja. Wakaingia, na hakuna hata mmoja aliyesema shikamoo. Hapo nikajua hawakuja kununua kitu. Mbele alikuwa Nassoro, mwenyekiti wa kijiwe chao, ambaye mke wake namfahamu vizuri.

“Mzee, pikipiki iko wapi?”

“Pikipiki gani, wanangu? Karibuni kwanza.”

Nassoro akamsogezea simu usoni. “Hili duka la nani?”

Baba yako mdogo akavaa miwani, akaiona picha yake, akatabasamu. Unamjua alivyo. Picha ile hawezi kuitazama bila kutabasamu. “Langu hilo,” akasema. “Limetoka vizuri, au siyo?”

“Anatucheka! Wallahi anatucheka, na mwenzetu yupo kitandani hajitambui!”

Nondo ya kwanza ilimpata begani. Nilisikia mfupa, Joachim, na mpaka leo nikivunja kuni nausikia tena. Ya pili ilimwangusha kwenye mizani. Wakamkamata kola ya shati wakamburuta mpaka nje, kichwa kinagonga kila ngazi, zile ngazi ulizosema lazima zionekane. Wengine walibaki ndani wanapasua mifuko ya mbolea kutafuta pikipiki. Niambie wewe uliyesoma, pikipiki inaingiaje kwenye mfuko wa mbolea? Nilipopiga simu kuomba msaada mmoja alinizaba kofi, simu ikaanguka, akaikanyaga kwa kisigino.

Nje walikuwa wameshapiga kelele ya mwizi, na unajua neno hilo linavyofanya kazi mtaani kwetu. Watu walitoka kila upande. Walimpiga kwa mateke, kwa mawe, kwa helmeti. Helmeti ndiyo iliyompasua jicho. Kunegunda, fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anayekunywa chai yetu, alikuja mbio na nusu tofali mkononi akalirusha kabla hajauliza aliyelala chini ni nani. Lilimpata mbavuni. Ndipo baba yako mdogo alipogeuza uso, wakaonana.

Halafu nikasikia harufu ya petroli. Walikuwa wameitoa kwenye tenki la pikipiki kwa chupa ya soda wakammwagia kuanzia kifuani, na mwingine anavuka barabara na tairi bovu la fundi pancha. Mimi niliokota jiwe la mizani nikampiga nalo aliyekuwa ameziba mlango, nikampiga ya mdomo, nikaona meno. Sijutii. Kwenye kona kulikuwa na bomba la kupulizia dawa, nililijaza maji asubuhi kumhakikishia mteja kwamba halivuji. Nikalibeba mgongoni nikatoka nalo.

“Sumu!” nikapiga kelele. “Sumu ya viwavi hii! Anayenisogelea anakufa kipofu!”

Nikawapulizia. Machoni, mdomoni, puani, nilimfuata mmojammoja. Yule aliyeshika kiberiti nilimlowesha mkono na kiberiti chake. Wanaume wazima waliangushana kwenye mtaro wakijifuta kwa mashati, mmoja analia anamwita mama yake. Nassoro alikuwa wa kwanza kuwasha pikipiki. Ndani ya bomba yalikuwa maji matupu, mwanangu. Dawa yenyewe ilikuwa nyuma yangu kwenye rafu, na kama ningepata nafasi ya kuichanganya ningeichanganya. Nimeungama hilo kwa Padri.

Hospitali walimshona uso na kumfunga bega. Jicho la kushoto limekwisha. Ubavu unapona taratibu, akicheka anajishika. Hacheki mara nyingi.

Wiki ileile Azizi alizinduka, na katika maneno yake ya mwanzo aliuliza nani sasa anambebea mzee Otto wetu mbolea. Wakamwambia. Akawaeleza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeegesha pikipiki pale siku ya picha, tena mama wa duka aliingia akamwambia asiiondoe. Inasemekana alilia mpaka nesi akawatoa wote wodini. Pikipiki yenyewe ilikuja kuonekana njia ya Mbinga, imebaki fremu.

Polisi wanao watatu, kesi bado inatajwa tu. Watu wanasema ni hasira za wananchi. Mimi wananchi hao nawajua kwa majina na majina ya mama zao. Nassoro yuko nje kwa dhamana. Alikuja na wazee wa msikitini kwao pamoja na katekista wetu kuomba radhi, wakapiga magoti mpaka kwenye vumbi. Baba yako mdogo akawapa mkono. Mimi nikaenda uani kupasua kuni ambazo hazikuhitajika. Kunegunda naye kila asubuhi analeta uji kwenye chupa ya chai, na kila asubuhi nawamwagia kuku. Kuku wamenenepa sana. Padri amenieleza habari za kusamehe nimemsikia, na Mungu nimemwomba anipe muda.

Ila kinachoniuma kuliko jicho ni kingine. Baba yako mdogo alikuwa hasogei mlangoni. Tangu atoke hospitali alikaa nyuma ya mifuko, kwenye giza, anapima mbegu bila kusema. Mtu aliyekuwa akisalimiana na barabara nzima. Pikipiki ikisimama nje anashika kichwa kwa mikono miwili na kujikunja, hata kama ni mteja, hata kama ni mtoto wa jirani yetu Osmund, tuliyemsimamia ubatizo sisi. Usiku naamka namkuta amekaa. Nilianza kujiuliza kama tulimtoa pale chini mzima au tulitoa mwili tu.

Ndipo ukaja ujumbe wako kwa Devota. Ulisema picha ile umeshaifuta, asante, na duka lisilo na picha linapotea, ni kweli, wateja wamepungua. Ukaomba tupige nyingine, safari hii mlango mtupu, bila chombo chochote na bila mtu. Devota aliusoma kwa sauti. Nilikubaliana na wewe kila neno. Hatukujua kwamba nyuma ya mifuko kuna anayesikiliza.

Jana asubuhi aliomba maji ya moto akanyoa ndevu, akizunguka mishono kwa uangalifu. Akavaa shati la Krismasi ambalo Krismasi hakulivaa. Akatoka nyuma ya mifuko, akanipita, akapita mlango, akasimama kwenye ngazi. Devota alikuwa ameshavuka barabara na simu. Pikipiki ikapita. Niliona mkono wake unatafuta fremu ya mlango, nikataka kumkimbilia. Akaipata fremu. Pikipiki ikaenda zake, naye bado yuko pale.

“Baba, geuka kidogo upande huu,” Devota akaita. Alitaka lile jicho lisionekane.

“Hapana. Piga hivihivi.”

Nikamsogelea nikamwambia taratibu kwamba Joachim amesema mtu asiwepo kwenye picha, ndiyo utaratibu. Hakunitazama, alikuwa anatazama barabara.

“Waliona pikipiki wakaja kunichoma,” akasema. “Sasa wanione mimi.”

Hiyo ndiyo picha. Jua limempiga usoni moja kwa moja, na kwa sababu ulinifundisha vizuri nami nikamfundisha Devota, kila kitu kinaonekana. Usimkate, usimpunguzie makovu, usimsogeze pembeni. Kijiwe chote cha Msamala kinatumia ramani hiyo. Anayetafuta mbolea Lizaboni, awe nani, atamkuta amesimama mlangoni kwake.

Msalimie Pamela na umbusu mtoto. Wasalimie Wangoni wote wa huko mnaokutana Jumapili. Devota anakusalimu, Osmund na nyumba yake wanakusalimu, na Azizi anakusalimu ingawa hakujui; siku hizi anakuja asubuhi, kichwa bado kimefungwa, anakaa tu na mzee. Baba yako mdogo anasema usijilaumu kwa lolote. Hilo ni lake. La kwangu litakuja, nivumilie.

Mungu akukinge na mikono ya watu, mwanangu, na siku watu wakipiga kelele akukinge usiwe mmoja wa mikono hiyo.

Akupendaye hata akinuna,
Mama yako mdogo,
Walburga